Nusu Duara na Nukta Tatu

Mheshimiwa alipoinunua ile nyumba ya mkoloni, jambo la kwanza alilofanya ni kuirudishia ukoloni wake. Bati lililoezekwa na ofisi ya mizani na vipimo ilipokaa humo likang'olewa, vigae vikarudi. Rangi ya kijani ya serikali ikakwanguliwa mpaka ikapatikana ile nyeupe ya zamani, nyeupe ya maziwa yaliyolala, na najua kwa sababu aliyekwangua ni mimi. Kengele za kuwaitia watumishi zikafungwa upya kila chumba. Picha ya Bwana Mkubwa, aliyeitawala wilaya nzima akiwa ameketi kwenye baraza ile ile, ikatundikwa ukumbini, na juu yake ikawekwa taa ndogo ya kummulika masharubu.

Mimi nina ugonjwa wa kukumbuka. Huyu Mheshimiwa nilimsikia kwa masikio yangu, miaka arobaini iliyopita, amesimama juu ya lori la mchanga, shati limelowa jasho, akituambia kwamba nyumba ile ni kidonda, na kwamba siku chama kikimpa nafasi ataibomoa tofali kwa tofali kwa mikono yake mwenyewe. Tulimpigia makofi mpaka viganja vikawaka. Chama kilimpa nafasi, tena si moja. Tofali hakugusa. Sasa ameyapaka chokaa na kuyakodisha kwa wageni, pamoja na kifungua kinywa.

Hoteli yenyewe ni ndogo, vyumba vinane, na kila chumba kina jina lake kwenye kibao cha shaba. Kuna Chumba cha Bwana, Chumba cha Bibi, Chumba cha Karani. Kuna na Chumba cha Farasi, ambacho kwa bei kinakipita cha Karani. Farasi hakuwahi kuwapo pale. Alikuwapo punda, wa kubeba maji, na hata yeye hakulala ndani.

Kwa kazi ya kutafuta majina hayo aliajiriwa kijana mmoja aliyeitwa Mtaalamu wa Urithi. Alikuwa na miwani ya duara na utepe wa kupimia, akipima milango huku akishusha pumzi, kama daktari aliyechelewa kuletewa mgonjwa. Ndiye aliyepanda darini akashuka na sanduku la bati, na ndani ya sanduku vitambaa vya meza, mashuka ya Bibi na ya wageni, na chini kabisa mashuka kumi na manne ya kitanda cha Bwana, ya pamba nzito, yamekunjwa vizuri. Kila shuka la Bwana lilikuwa na alama pembeni kwa ule wino mweusi usiotoka: nusu duara, na nukta tatu.

Mtaalamu alijifungia na mashuka yale siku tatu. Alipotoka alikuwa na ripoti. Alama hii, alisema, imeonekana kwenye mashuka ya kitanda cha Bwana peke yake. Haipo kwenye mashuka ya Bibi, haipo kwenye ya wageni, haipo kwenye vitambaa vya meza. Kwa hiyo ni nembo binafsi ya Bwana Mkubwa. Nusu duara ni jua linalochomoza, na nukta tatu zilizo juu yake ni nyota: amani, neema na ukarimu.

Mheshimiwa alifurahi kama mtu aliyeonyeshwa kaburi la babu yake. Ile alama ikadariziwa kwenye kila shuka, kila foronya, kila taulo, kila kitambaa cha kufutia midomo. Ikapigwa kwenye vikombe, kwenye sabuni, kwenye muhuri wa ofisi. Na mimi, fundi wa mabango, nikaichora langoni kwa rangi ya dhahabu, upana wa mita moja. Nililipwa. Sina la kujitetea.

Sasa, nyuma ya nyumba ile, ukipita tangi la maji, kuna nyumba ya dobi. Vyumba viwili. Kimoja kina jiko la kuchemshia na karo la mawe la kufulia, cha pili kina kitanda. Ndimo alimozaliwa shangazi yangu, miaka sabini na miwili iliyopita, kwa maana babu yangu ndiye aliyekuwa dobi wa Bwana Mkubwa. Bwana alipofunga mizigo akaenda kwao, hakuna aliyekumbuka kumfukuza dobi, naye dobi hakuwakumbusha. Ikaja ofisi ya mizani, Shangazi akafua mapazia yake. Likaja bweni la wauguzi, akafua sare. Nyumba ikafungwa miaka saba, akafulia mtaa. Watu wakamwita Mama Pasi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumpa karatasi ya kusema anakaa pale, kwa sababu wakubwa wote waliopita walidhani nguo hujifua zenyewe.

Langoni hakuwa amepita siku nyingi, maana njia yake ni ya uani. Kwa hiyo alama aliiona mara ya kwanza furushi la mashuka mapya lilipoletwa kufuliwa. Nilikuwepo, nimekaa kizingitini na kikombe cha chai. Akafungua shuka la kwanza, akatazama. Akafungua la pili. Akaligeuza juu chini. Kisha akaikalia ndoo iliyofudikizwa, akajifunika uso kwa kanga, na mabega yakaanza kumtikisika.

"Shangazi, unalia?"

"Nani amewaambia waweke hii?"

"Mtaalamu. Ni nembo ya Bwana. Jua linachomoza."

"Linachomoza." Akajifuta macho. "Lete kidole chako. Mtaalamu wenu kashika shuka kichwa chini miguu juu. Geuza hivi. Umeona? Nusu duara inakaa kama bakuli. Hili ni godoro limebonyea katikati. Na hizi hapa chini ni matone."

"Matone ya nini?"

"Ya chai." Akanitazama. "Una mvi, mwanangu. Matone ya nini."

Nikakiweka kikombe chini.

"Kila dobi alikuwa na alama zake," akasema. "Baba hakusoma, lakini nguo hazikumpotea. Mstari mmoja, mashati ya Bwana. Miwili, ya Bibi. Msalaba, vitambaa vya meza. Na hii, maana yake: loweka peke yake, chemsha mara mbili, usianike kamba ya mbele. Kila asubuhi lilikuja moja, limeviringwa ndani ya gazeti kama samaki. Kila asubuhi iliyoumbwa na Mungu."

"Bwana Mkubwa alikuwa kikojozi."

"Sema polepole. Mheshimiwa na watu wake wako mezani huko."

Nilicheka mpaka chai ikanitoka puani, halafu kicheko kikanikauka, maana nilikumbuka tuliyosimuliwa nyumbani. Babu alichapwa viboko sita kwenye baraza ile, mbele ya watu waliokuja kushtakiana, kwa sababu ya kola ya shati iliyoungua kwa pasi. Kola yenyewe ungeifunika kwa dole gumba. Bwana alivihesabu mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha kukohoa: moya, bili, tatu.

"Na kesho yake?" nikauliza.

"Kesho yake shuka lilikuja kama kawaida. Baba akaliloweka."

"Bila kusema kitu? Mtu ana siri kama ile mkononi, anachapwa, anakwenda kuloweka?"

"Angesema, halafu ale wapi? Alale wapi?" Akasimama akaanza kutenga nguo nyeupe na za rangi. "Na wewe ndiyo usije ukaropoka. Nakujua. Ukisema leo, kesho mimi nalala wapi?"

Hapo ndipo alipokuwa amebanwa. Wiki mbili kabla, Meneja alikuwa amemjia na habari kwamba nyumba ya dobi itageuzwa chumba cha kuwakanda wageni migongo kwa mafuta, na nguo zitapelekwa mjini kwenye mashine. Shangazi atapewa mkono wa asante na picha ya hoteli iliyotiwa fremu. Akauliza, picha ataitundika wapi. Meneja akasema hilo ni swali zuri.

Kisha Mtaalamu akagundua, katika orodha ya watumishi wa zamani, kwamba yule bibi wa uani ni binti wa dobi mwenyewe. Mheshimiwa akapata wazo. Siku ya ufunguzi, Jumamosi saa nne asubuhi, mbele ya wageni waalikwa, binti wa dobi asimame barazani awasimulie nembo. Kama atasema vizuri, suala la nyumba litaangaliwa.

Meneja alikuja na hotuba imeandikwa tayari. Alikuwa kijana mpole, amenyoa ndevu mpaka kidevu kinang'aa, na kila alichosema alikisema kama anaomba radhi kwa niaba ya mtu mwingine.

"Ni fupi tu, Bibi. Ukurasa mmoja."

"Soma."

Akasoma. Karibuni nyumbani kwa Bwana Mkubwa, na kadhalika. Jua, nyota, ukarimu. Akafika mahali palipoandikwa kwamba dobi alimpenda Bwana kama baba yake mzazi, na kwa mapenzi hayo akaitia nembo yake kwa wino kwenye kila shuka.

"Hapo rudia," Shangazi akasema.

Akarudia.

"Nani kaandika?"

"Mtaalamu. Mheshimiwa ameipitia."

"Ina maneno mazuri." Shangazi aliinama akapuliza makaa ya pasi. "Nitaishika yote kichwani. Tatizo langu, mwanangu, ni moja. Mimi nikiwa na wasiwasi nasahau maneno. Najikuta nasema yoyote yanayokuja. Na siku hizi nina wasiwasi na nyumba."

"Litaangaliwa, Bibi."

"Ndilo hilo. Likishaangaliwa wasiwasi utaisha. Lakini mpaka Jumamosi sijui kama nitakuwa nimetulia."

Meneja akanitazama. Nikatazama dari, ambalo halina la kutazamwa.

Mimi nilitaka aseme kweli, hapo hapo, tena kwa kipaza sauti. Nilimwambia jioni ile kwamba akiisoma karatasi ya wale watu atakuwa amemchapa Babu kiboko cha saba. Nilikipenda kweli hicho kiboko cha saba, nilikuwa nimekitunga tangu mchana. Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho huku akikunja foronya.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Umesema vizuri. Sasa mimi natafuta mtu mwenye mwandiko ulionyooka, aniandikie mistari miwili."

Nikaandika, kwa herufi zile zile za mabango: Mama Pasi atakaa na kufua katika nyumba ya dobi maisha yake yote, na mtu yeyote asimtoe. Nikaacha nafasi ya sahihi ya mwenye nyumba na za mashahidi wawili.

Jumamosi ilifika na magari yake. Walikuja wenye mahoteli, akaja jaji mstaafu, akaja mwandishi wa jarida la safari na kofia ya majani, wakaja mabwana na mabibi waliokula mema na Mheshimiwa tangu siku za lori la mchanga, ingawa hakuna aliyelitaja lori. Wahudumu walikuwa wamevishwa kofia nyekundu za watumishi za enzi zile, na kila mgeni akiguswa begani na mmoja wao alisema, jamani, kama zamani. Waliosema hivyo ni watu ambao zamani hiyo mama zao walikuwa wanaingilia mlango wa jikoni. Nawajua mmoja mmoja. Mheshimiwa mwenyewe alivaa shati jeupe, alama imedariziwa kifuani upande wa moyo, kwa uzi wa dhahabu.

Saa nne kasoro robo Meneja akaja mbio uani.

"Bibi, tayari?"

"Tayari kabisa. Nina wasiwasi tu."

Akaondoka mbio. Akarudi na Mheshimiwa, ambaye alikuwa anatabasamu kwa meno na kuuliza kwa macho. Shangazi alikuwa amevaa gauni lake la kijivu, limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Akampa karatasi kwa mikono miwili.

"Hii ni nini, mama?"

"Dawa ya wasiwasi, Mheshimiwa."

Akaisoma. Barazani kipaza sauti kilikuwa kinajaribiwa, moja, mbili, moja, mbili. Nilimwona akipiga hesabu zake za kisiasa, bibi kizee ana miaka mingapi, ana mingapi mbele. Akatia sahihi kwa mapambo mengi. Meneja akashuhudia, mpishi mkuu akashuhudia huku ameshika mwiko, na muhuri ukagongwa juu yake, wenye jua na nyota tatu. Shangazi akaipuliza wino ukauke, akaikunja mara nne, akaitia kifuani.

Barazani alisimama mahali palipokuwa na meza ya Bwana. Akaanza kama ilivyoandikwa, neno kwa neno, sauti imetulia. Karibuni nyumbani kwa Bwana Mkubwa. Akasema habari za bustani, akasema habari za vigae. Mtaalamu alikuwa anatikisa kichwa kwa raha, midomo yake inakwenda naye. Akafika mahali pale.

"Dobi alimpenda Bwana kama baba yake mzazi," akasema. "Hapa pana kosa. Baba yangu alikuwa na baba yake. Alikuwa mtu mfupi, mfuga kuku, na ndiye aliyempenda. Huyu Bwana, Baba alimfulia tu."

Watu wakacheka kidogo, kwa adabu.

"Sasa hii alama. Wewe mwanangu wa mbele, mwenye kofia, shika hicho kitambaa chako cha mkononi. Kigeuze. Geuza kabisa, juu iende chini. Hivyo. Sasa ndiyo unasoma alivyoandika mwenyewe."

Akawaambia. Hakupandisha sauti, hakumtukana mtu. Akawaeleza kama anavyomweleza mfanyakazi mgeni: mstari mmoja nini, miwili nini, msalaba nini. Hili godoro, haya matone. Shuka lenye alama hii hulowekwa peke yake, huchemshwa mara mbili, halianikwi mbele. Ndiyo maana Mtaalamu hakuikuta kwenye mashuka ya Bibi. Bibi alilala chumba chake, na kitanda chake kilikuwa kikavu.

Mheshimiwa alikuwa anajifuta midomo kwa kitambaa chenye alama ile ile. Akakitoa kile kitambaa mdomoni polepole, akakiangalia, akakiweka mezani, akakisogeza mbali kwa kidole kimoja. Halafu mkono ukampanda wenyewe mpaka kifuani, ukafunika uzi wa dhahabu, akabaki amesimama kama anaimba wimbo wa taifa.

Jaji mstaafu akakohoa. "Bibi, hayo ni madai mazito dhidi ya marehemu. Una ushahidi?"

"Niliyafua mwenyewe, mheshimiwa jaji. Nilianza na miaka saba. Baba alikuwa hawezi kuinama, mgongo haujapona. Alichapwa fimbo sita hapa hapa uliposimama, kwa kola iliyoungua. Aliyehesabu ni huyo mwenye taa masharubuni."

Jaji akasogea kidogo kutoka pale aliposimama. Nikasema moyoni, sasa. Sasa nyumba itaanguka.

Mwandishi mwenye kofia ya majani ndiye aliyeanza. Alishika kitambaa chake akakigeuza juu chini, chini juu, akaguna, kisha akaangua kicheko cha kumpinda mbavu. Akafuata wa pembeni yake. Kikaenda baraza zima kama moto wa nyasi. Na Mheshimiwa, mwanasiasa wa miaka yote ile, hakuhitaji zaidi ya sekunde tatu kuona umati unaelekea wapi. Akautoa mkono kifuani, akacheka kuwashinda wote, akapiga makofi, akapaaza sauti: "Mnaona wenyewe? Hapa kwetu historia bado inaishi." Ni sauti ile ile ya juu ya lori. Wakampigia makofi yeye.

Wiki ile jarida liliandika kurasa mbili. Simu za mapokezi hazikunyamaza. Watu waliokuwa hawajali nyumba ya mkoloni wala mkoloni mwenyewe sasa walitaka kulala Chumba cha Bwana, tena waoneshwe kitanda. Mtaalamu aliandika ripoti ya pili, akasema alikuwa ameshuku tangu mwanzo.

Jumatatu iliyofuata Meneja alikuja uani na karatasi mpya. Nilikuwa namfungia Shangazi kamba ya kuanikia.

"Bibi, Mheshimiwa anakupongeza sana. Amefurahi. Itakuwa kila Jumamosi saa nne. Safari hii tumeandika ukweli mtupu, kama ulivyousema wewe."

"Soma."

Akasoma. Ilikuwa kweli. Godoro lilikuwamo, matone yalikuwamo, gazeti la kuviringia shuka lilikuwamo, hata kuku wa baba wa dobi walikuwamo. Katikati ya mistari, kwenye mabano, palikuwa pameandikwa: tua hapa, wageni wacheke.

"Fimbo ziko wapi?" Shangazi akauliza.

"Samahani, Bibi?"

"Fimbo sita. Sijazisikia."

Meneja akageuza karatasi, kana kwamba zingekuwa nyuma. "Mheshimiwa aliona, pale mahali, wageni walikuwa wanacheka vizuri, halafu zile fimbo zikawa... zinakata mtiririko. Wako likizo, Bibi. Lakini mengine yote tumeyaacha."

Shangazi akachovya vidole kwenye bakuli la maji, akanyunyizia shuka lililokuwa mezani. Akaijaribu pasi karibu na shavu.

"Karatasi yangu," akasema, "inasema kukaa na kufua. Umeishuhudia wewe mwenyewe. Kusema haimo."

"Lakini Bibi, watu wanakuja kwa ajili yako."

"Wasomee wewe. Una sauti nzuri. Na mahali pa kucheka umeshaonyeshwa."

Meneja alitazama huku na huku, kidevu kinang'aa, akitafuta mtu wa kuombea radhi. Akasema atamweleza Mheshimiwa. Shangazi akasema mweleze, na umwambie mashati yake yako tayari. Akaenda.

Mimi hasira zilikuwa zimenipanda. Nilisema tuwachape barua. Nilisema tuyaandike yote, na fimbo, na majina ya mama zao, tubandike ukuta kwa ukuta mji mzima, herufi nitazichora mimi bure. Nilisema mengi. Shangazi aliachia pasi kwenye kigae chake, akachukua shuka lililokauka, akanitupia upande mmoja.

"Hayo ya kubandika utabandika, sikukatazi. Tena fimbo uziweke juu kabisa, herufi kubwa," akasema. "Lakini kwanza shika ncha hizo. Zote mbili. Rudi nyuma. Sasa vuta."

Nikavuta.

"Usivute kwa hasira, mwanangu. Utalichana."